Nyanyua chombo kwanza

Mche wangu wa kwanza wa nyanya ulikufa kwa maji, na kwa wiki nzima mimi niliamini unakufa kwa kiu. Majani yalikuwa yamenyong'onyea, ncha zikitazama chini. Kila jioni nikirudi kazini nilikuwa naenda roshani moja kwa moja, sijavua hata viatu, naumwagia jagi zima la maji. Asubuhi yake naukuta umelegea zaidi, nami namwaga tena. Siku ya nane niliushika shina nikitaka kuusimamisha, ukang'oka wote, nikabaki nao mkononi.

Harufu ndiyo iliyonieleza. Haikuwa harufu ya udongo, ilikuwa ya mtaro uliosimama. Niliipindua ndoo juu ya gazeti nikaanza kuchambua mizizi kwa vidole. Ilikuwa ya kahawia, laini, na nikivuta mmoja ganda lake la nje linavulika kama soksi, unabaki uzi mwembamba mfano wa unywele. Chini kabisa zilikuwepo kokoto nilizozipanga mwenyewe, kimo cha vidole vinne, nilizoziosha vizuri kabla ya kuzitia. Pale udongo ulipokutana nazo palikuwa na tabaka la tope jeusi. Kokoto zenyewe zilikuwa karibu kavu.

Nilikaa chini na ile ndoo muda mrefu. Nilikuwa nimeambiwa, kama pengine na wewe ulivyoambiwa, kwamba kokoto chini ya chombo zinasaidia maji kutoka. Mbona basi kokoto ni kavu na udongo ulio juu yake umegeuka tope?

Ilinichukua muda kulielewa hili, na ndilo ninalotamani kila anayeanza kupanda mboga kwenye vyombo alijue kabla hajanunua hata mbegu. Udongo una vijinafasi vidogo sana vinavyoshika maji kwa nguvu, kama kitambaa kinavyoyashika. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi kubwa zisizoweza kuyavuta. Maji yakifika mpakani yanasimama, yanajikusanya mpaka udongo wa pale ushibe kabisa, ndipo yanaanza kudondoka. Kokoto zangu hazikuyaondoa maji. Ziliyapandisha yakasogea karibu na mizizi, na juu ya hayo zikaninyang'anya vidole vinne vya udongo ambao mche ungeutumia.

Ukitaka kuliona kwa macho, chukua sponji ya kuoshea vyombo. Iloweshe mpaka ishibe, ilaze bapa juu ya sinki bila kuikamua, subiri mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, ingawa hujaiongezea hata tone. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale, ila kimo kimebadilika. Udongo nao ndivyo ulivyo. Katika kila chombo, hata baada ya matundu kuacha kutoa maji, chini hubaki tabaka lililoshiba, na unene wa tabaka hilo unategemea aina ya udongo, hautegemei urefu wa chombo. Ndani ya ndoo ndefu tabaka la vidole vitatu si tatizo, mizizi ina pa kukaa juu yake. Ndani ya beseni lenye kina cha vidole vitano, tabaka hilohilo linakula zaidi ya nusu ya nyumba.

Na mizizi inapumua. Tunazungumza habari za maji na mbolea tukisahau kwamba mzizi unahitaji oksijeni kila saa, mchana na usiku, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, mara kama 10,000 chini ya kasi yake hewani. Udongo ukijaa maji mzizi unakosa pumzi, unakufa, unaoza. Mzizi uliokufa hauvuti maji. Kwa hiyo majani yanakauka kwa kiu wakati miguu imo majini, na mwenye mche anayaona majani tu.

Ndoo ya pili sikuitia kokoto. Niliitoboa matundu manane kwa msumari uliopashwa moto, matano chini na matatu ubavuni karibu na kitako, kila moja upana wa ncha ya kidole cha mwisho. Juu ya matundu nikalaza kipande cha chandarua kuukuu ili udongo usitoke. Ndoo nikaiweka juu ya vipande viwili vya mbao, maana matundu yakibanwa na sakafu ni sawa na kutotoboa. Maji yakapata njia, na njia yenyewe ikawa ukingo wa roshani hadi kwenye nguo za jirani wa ghorofa ya chini.

"Hodi!"

"Karibu, mama."

"Sikai, mwanangu. Shuka zangu leo nimezianua mara mbili. Haya maji yako yananinyeshea."

Nilimwomba radhi, nikamwonyesha vyombo vyangu ili aone kwamba si uzembe, ni mimea. Ni mama mtu mzima, amelima maisha yake yote kabla ya kuhamia kwenye ghorofa. Nilitegemea ataangalia majani. Hakuyaangalia. Aliinama, akakishika kwa mikono miwili chombo cha pilipili, akakinyanyua kidogo tu kutoka sakafuni, akakirudisha. Akaenda kwa cha pili, akafanya vilevile.

"Hiki ulikimwagia lini?"

"Leo asubuhi, mama."

"Na jana?"

"Na jana."

"Basi leo kilikuwa hakitaki. Njoo ukishike."

Nikakishika. Kilikuwa kizito kama jiwe. Akanipeleka kwenye kona, kwenye chombo cha vitunguu majani ambacho nilikuwa nimekisahau nyuma ya ufagio, akaniambia nacho nikinyanyue. Kilipanda mkononi kama kitu kitupu.

"Udongo wa juu unakauka kwa saa moja ya jua," akasema. "Ukiufuata huo utaizamisha yote."

Tangu siku hiyo sijamwagilia kwa ratiba. Kila asubuhi kabla ya kutoka napita roshani nikinyanyua chombo kimojakimoja, na vile vizito visivyonyanyulika naviinamisha upande. Mkono ulijifunza uzito wa kila kimoja ndani ya wiki mbili. Nilipokuwa sijauamini mkono wangu, niliazima mizani nikapima ndoo ya lita 10 yenye pilipili hoho. Mara tu ilipoacha kudondosha baada ya kumwagiliwa ilikuwa kilo 8 na nusu. Siku majani yalipoanza kulegea mchana ilikuwa kilo 5 kasorobo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mche ule ulikuwa na kama lita nne za kutumia. Mimi huimwagilia ikifika kilo 6, kabla haijaanza kuteseka. Siku za joto hufika hapo kwa siku mbili, na mche ukikua mkubwa, kwa siku moja. Siku za mawingu imewahi kukaa siku tano, na hakuna ratiba ambayo ingeniambia hivyo.

Ninapomwagilia, namwagilia kweli. Nayamwaga maji taratibu mpaka yatoke chini, nangoja dakika chache, halafu narudia mara moja. Maji ya kunyunyiza juujuu kila siku yanaita mizizi ipande juu, kunakokauka haraka. Chini ya kila chombo sasa kuna sinia linalopokea yanayotoka, nami naliondoa maji baada ya nusu saa ili mizizi isikae kwenye dimbwi. Shuka za mama hazijalowa tena.

Kuna hali moja inayodanganya watu wengi. Udongo wenye mboji au makumbi ya nazi ukikauka kupita kiasi hunywea, unaachana na ukuta wa chombo, na maji hugoma kuuingia. Ukimwaga juu yanapita kwenye ule ufa wa pembeni na kutoka chini mara moja, nawe unasema "kimeshiba", kumbe katikati ni kukavu. Kinyanyue na utajua. Dawa yake ni kukitia chombo kizima ndani ya beseni la maji kwa nusu saa kikanywe kutoka chini.

Udongo wenyewe. Udongo wa kuchimba uani, hata ule mweusi mzuri, haufai peke yake ndani ya ndoo. Ardhini kuna minyoo, mizizi mirefu na kina kirefu cha kupokea maji. Ndani ya chombo hakuna hivyo vyote, na kwa kumwagiliwa mara kwa mara unashindiliwa unakuwa kama tofali. Mchanganyiko ninaoutumia sasa ni ndoo mbili za mboji iliyoiva na kuchekechwa, ndoo mbili za makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa, na ndoo moja ya kitu kinacholeta nafasi za hewa: perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) nikiipata, nisipoipata maganda ya mpunga au mchanga wenye chembe kubwa. Mchanga mwembamba sitii, unaziba. Nikiulowesha na kuufinya ngumini, ushikamane, kisha nikiugusa kwa kidole umomonyoke. Samadi mbichi siitii hata kidogo, maana ikiwa inaoza hutoa joto na amonia na kuunguza mizizi michanga. Niliwahi kupoteza miche kumi na miwili ya saladi kwa siku tatu kwa sababu ya haraka hiyo.

Vyombo ni chochote chenye kina cha kutosha ambacho hakijawahi kubeba sumu ya wadudu, mafuta ya mashine au rangi. Hapo sibahatishi, maana ni chakula. Saladi, giligilani na vitunguu majani vinaridhika na kina cha sentimita 15 hadi 20. Pilipili naipa lita 10. Nyanya naipa lita 20, na nikiipa chini ya hapo najua nitakuwa mtumwa wake wa maji. Chungu cha udongo usiopakwa kitu kinapumua ubavuni na kukauka upesi, kizuri kwa rosemari isiyopenda miguu kulowa. Plastiki inatunza maji. Plastiki nyeusi kwenye jua kali inapika mizizi, hivyo zangu nimezizungushia gunia kuukuu. Ndoo ya lita 20 iliyoshiba inakaribia kilo 20, kwa hiyo nzito zote nimezipanga karibu na ukuta wa nyumba. Sizilundiki ukingoni mwa roshani.

Kabla ya kuamua kipi kikae wapi, nilitumia siku moja ya mapumziko na kipande cha chaki. Kila saa nilichora sakafuni mahali kivuli kilipofika na kuandika saa pembeni. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba roshani yangu ina jua kutwa. Chaki ikaonyesha kwamba upande wa kulia hupata jua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, saa sita kamili, na upande wa kushoto haufikishi saa nne. Nyanya na pilipili, kwa kuwa zinazaa matunda, zinataka saa sita na kuendelea, zikakaa kulia. Mboga za majani na mnanaa zikaenda kushoto na hazijalalamika. Jua hubadili njia kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo mimi huchora upya kila msimu.

Sasa nieleze jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyosoma tangu nianze. Katika karne ya 17 tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptista van Helmont, alichukua chombo kikubwa cha udongo wa mfinyanzi, akatia ratili 200 za udongo uliokaushwa (ratili moja ni karibu nusu kilo), akapanda humo mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5. Akakifunika kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie, na kwa miaka mitano akaumwagilia maji tu, hasa ya mvua. Mwisho akaung'oa akaupima: ratili 169 na wakia kadhaa (wakia moja ni kama gramu 30). Akaukausha udongo akaupima nao: ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki miaka minne kabla. Aliamua kwamba mti wote umetokana na maji. Hakujua kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mmea mkavu hutokana na kaboni dioksidi iliyomo hewani, ambayo majani huinasa kwa nguvu ya jua.

Mtu yule alikuwa anapanda kwenye chombo, kama mimi na wewe, na alikuwa anapima. Mimi huifikiria ile tofauti ya wakia 2 kila ninapokoroga mbolea. Aliiandika akaiacha bila kuieleza, na humo ndimo yamo madini ambayo mti ulikuwa umeyachota: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na mengine. Ni kidogo, lakini pasipo hayo hakuna mti. Na sisi wa ndoo ndogo tunayapoteza kila tunapomwagilia, kwa maana yale maji yanayotoka chini hayatoki mikono mitupu. Ndiyo sababu mche wa kwenye chombo hustawi vizuri mwezi wa kwanza kwa nguvu ya mboji, kisha majani ya chini yanageuka manjano na mwenyewe anashangaa. Tangu wiki ya tano naanza kuilisha mimea kila baada ya wiki mbili, mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sizidishi. Nyanya ikipewa naitrojeni nyingi inakuwa msitu wa kijani usio na ua. Nikiona ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo au kwenye ukingo wa chombo, naacha kulisha, namwaga maji mengi matupu yapite kuiosha.

Mrehani nao. Ndio mmea ninaoutazama kwa karibu kuliko mwingine, labda kwa sababu uko kwenye kimo cha macho, juu ya stuli ya zamani. Majani yake hutoka mawilimawili, yakitazamana, na kila jozi inageuzwa pembeni ya ile iliyo chini yake, kwa hiyo ukiutazama kutoka juu unaona msalaba juu ya msalaba. Inama uchungulie kwapa la jani, pale linapokutana na shina. Utaona vijani viwili vilivyofumbwa, vidogo kama kichwa cha pini. Hivyo vinasubiri. Ncha ya juu ikiwepo vinabaki vimelala, ukiikata, vinaamka. Mche ukifikisha jozi nne za majani nakata shina juu kidogo ya jozi ya pili, na ndani ya siku chache matawi mawili yanatoka pale palipokuwa na shina moja. Nayo yakirefuka nayakata hivyohivyo, yanakuwa manne, kisha manane. Mche mmoja uliokuwa unaelekea kuwa kijiti kirefu chenye majani sita unakuwa kichaka kinachojaza mikono miwili.

Watu wengi huchuma majani makubwa ya chini na kuiacha ncha. Hufanya hivyo kwa huruma, na ndivyo wanavyouua, kwani majani makubwa ndiyo yanayoulisha mche, na ile ncha iliyoachwa inakimbilia kutoa maua. Ua unalijua mapema: majani ya nchani yanakuwa madogo na kujipanga kwa kubanana, ghorofa juu ya ghorofa. Likate siku hiyohiyo. Mrehani ukishatoa maua unaacha kujali majani, na ladha yake inabadilika.

Ile ncha uliyoikata usiitupe. Ondoa majani ya chini, itie kwenye glasi ya maji dirishani pasipo na jua kali, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili utaona vijidonda vyeupe ubavuni mwa shina, kisha mizizi. Ikifika urefu wa pingili moja ya kidole, ipande. Mirehani yote mitano niliyonayo sasa imetoka kwenye mche mmoja.

Giligilani haipendi kuhamishwa. Ina mzizi mmoja wa kati unaoshuka moja kwa moja, ukiukwaza inakasirika na kutoa maua haraka. Naisia palepale itakapokulia. Kile tunachokiita mbegu ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Naliviringisha chini ya gao la mkono mpaka ligawanyike, nalifukia sentimita moja, nasubiri kama wiki mbili. Joto likizidi inakimbilia maua hata ufanye nini, kwa hiyo nasia kidogo kila baada ya wiki tatu. Sitegemei chombo kimoja.

Mnanaa ukae peke yake. Unatambaa kwa vikonyo chini ya udongo na hauheshimu jirani.

Nyanya nimezirudia, na safari hii zimenipa. Mche nauzika mpaka kwenye shingo ya majani ya juu, maana shina la nyanya likizikwa linaota mizizi urefu wake wote. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, linachohitaji ni mtikisiko ili chavua, ule unga wa kiume wa ua, ianguke. Shambani upepo na nyuki hufanya kazi hiyo. Roshani yangu imezibwa pande mbili na upepo hauingii sawasawa, kwa hiyo saa 5 au saa 6 mchana nikiwa nyumbani napiga shina kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Siku za jua unaona vumbi la manjano likimwagika. Joto kali likiingia maua hudondoka bila kushika, na hapo sina la kufanya zaidi ya kutia kivuli mchana na kungoja.

Kilichoniumiza ni kuoza kitako. Nyanya nne za kwanza zilipofika ukubwa wa yai zilitokeza doa la majimaji upande wa chini, mkabala na kikonyo. Doa likapanuka, likawa jeusi, likabonyea, likakauka mfano wa ngozi. Nilitafuta mdudu sikumwona. Si mdudu wala ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni. Madini hayo husafiri na mkondo wa maji tu, na majani, kwa kuwa hutoa jasho jingi, huyavuta kwa nguvu kuliko tunda. Udongo ukikauka hata siku chache wakati tunda linakua kwa kasi, tunda ndilo linalokosa. Nikakumbuka: siku kumi na mbili kabla nilikuwa nimesafiri siku nne. Nilikuwa nimeshaanza kuponda maganda ya mayai, lakini maganda huchukua miezi mingi kuoza, yasingeokoa tunda lililokwisha kufungwa. Nilizichuma zile nne, nikarudi kwenye kunyanyua na kuinamisha kila asubuhi, nikaweka matandazo ya majani makavu juu ya udongo, na vichala vilivyofuata vikatoka vizima.

Wadudu nina machache ya kusema. Vidukari hukaa chini ya majani machanga na kwenye ncha, na mara nyingi sisimizi wakipanda shina kwa msururu ndio wanaokuonyesha walipo, kwa kuwa wanafuata utomvu mtamu unaotolewa na vidukari. Vidukari nawaosha kwa maji ya nguvu siku tatu mfululizo. Wakirudi natia kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwenye lita moja, nanyunyiza jioni jua limetua, upande wa chini wa jani, baada ya kujaribu kwenye jani moja siku iliyotangulia. Utitiri huja wakati wa ukame na joto, majani yanakuwa na vidoadoa vya kupauka na utando mwembamba. Hautaki unyevu, kwa hiyo naurushia maji mara kwa mara.

Nikisafiri sasa, vyombo vidogo vya viungo naviachia utambi: kamba ya pamba, ncha moja imezikwa udongoni, nyingine imezama kwenye chupa ya maji iliyo pembeni. Utambi hautoshi kwa nyanya. Kwa ajili ya hizo mimi humwachia ufunguo mama wa chini, naye hupanda asubuhi kuzinyanyua.

Jumamosi iliyopita alipanda tena, tukamaliza msimu pamoja. Ile ndoo ya lita 20 ilikuwa imeshazaa ya kutosha na mche umezeeka. Nilikata shina, yeye akaishika ndoo upande mmoja nami upande mwingine, tukaipindua juu ya gunia na kuigonga kitako. Udongo ulitoka mzima, umbo la ndoo. Mizizi ilikuwa imeufunga kote, myeupe, myembamba, imezunguka ukuta na kushuka mpaka kwenye alama za matundu manane, mingine imechungulia nje. Nilinusa. Ilinukia udongo baada ya mvua.

"Usiumwage huu," mama akasema, tayari amepiga magoti anaumomonyoa. "Uchekeche, toa mizizi, utie theluthi ya mboji mpya. Nyanya usirudishe humu. Panda majani."

Tukaupepeta wote wawili mpaka jua likafika kwenye mstari wa chaki wa saa 5, kisha nikatia mbegu za saladi juujuu tu, bila kuzifukia, kwa sababu zinataka mwanga ili ziote.